Ibn al-Nafis: Faqihi Aliyeonyesha Njia ya Damu Moyoni



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa na makongamano yetu tumezoea kutaja majina ya wanazuoni wa Kiislamu waliotangulia katika sayansi. Tunayataja kama mtu anavyotaja shamba la babu yake ambalo hajawahi kulikanyaga: kwa fahari nyingi, bila kujua linaota nini. Mimi nasomea upigaji wa picha za tiba, na jina moja kati ya hayo hunijia kila tunapofundishwa picha za moyo kwa mashine ya MRI. Hunijia kwa sababu njia inayopitwa na dawa ndani ya moyo wa mgonjwa, tunapoitazama kwenye skrini, ndiyo njia aliyoieleza mtu huyo kwa kalamu na karatasi karibu karne nane zilizopita.

Mtu huyo ni Ibn al-Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nataka niwasimulie maisha yake, kisha niseme kwa nini naona kwamba alituachia kazi ya kufanya kuliko sifa ya kujigamba nayo.

Kijana wa Damascus

Jina lake ni Alaauddin Abul-Hasan Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa katika nchi ya Sham, upande wa Damascus, karibu mwaka 1213. Alikulia katika mji uliokuwa na misikiti, madrasa na hospitali kwa pamoja, na elimu ya dini na elimu ya mwili hazikuwa zimejengewa ukuta kati yake. Kijana aliweza kusoma hadithi asubuhi na tiba mchana, na hakuna aliyemwuliza amechagua upande upi.

Tiba aliisomea katika hospitali ya Nuri, iliyojengwa mwaka 1154 na Sultani Nuruddin Zengi. Jengo lake lipo hadi leo Damascus, limegeuzwa makumbusho ya tiba na sayansi. Hospitali hiyo ilikuwa mahali pa kutibu na pa kufundishia pia: mwalimu aliwazungukia wagonjwa, wanafunzi wakamfuata, kisha wakakaa kujadili walichokiona. Sisi tunaokwenda mafunzo ya vitendo wodini tunaufahamu utaratibu huo vizuri.

Mwalimu wake aliyetajwa sana ni Muhadhdhabuddin al-Dakhwar, tabibu mkubwa wa zama zake, aliyefariki mwaka 1230. Al-Dakhwar aliiweka nyumba yake wakfu iwe chuo cha tiba. Liweke hilo akilini, ndugu msomaji, kwa sababu mwanafunzi wake naye atakuja kufanya jambo linalofanana nalo.

Faqihi na tabibu wa Cairo

Baadaye Ibn al-Nafis alihamia Misri, akafanya kazi Cairo, na huko ndiko alikomalizia umri wake. Alipanda daraja hadi akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Wakati huohuo alifundisha fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi'i katika madrasa ya Masruriyya. Umaarufu wake katika fiqhi haukuwa wa kupewa kwa heshima ya utabibu wake: Tajuddin al-Subki, alipokusanya wasifu wa wanazuoni wa Kishafi'i, alimweka Ibn al-Nafis miongoni mwao. Aliandika pia juu ya misingi ya elimu ya hadithi, juu ya lugha ya Kiarabu, na kisa kirefu cha mtu aliyekulia peke yake kisiwani akafikia kumjua Muumba wake na haja ya kuletwa Mitume kwa kutumia akili.

Waandishi wa wasifu wanatueleza namna alivyokuwa akiandika. Alichongewa kalamu nyingi mapema, akaugeuzia uso wake ukuta, akaandika kutoka kichwani bila kurejea kitabu chochote. Kalamu ikichoka aliitupa na kuchukua nyingine, ili asipoteze muda kuichonga. Wanasimulia pia kwamba siku moja alikuwa hamamuni anaoga, fikra ikamjia. Akatoka hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaagiza wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa, alipomaliza akarudi kuendelea kuoga.

Kitabu alichokikusudia kuwa kikubwa kuliko vyote, kiitwacho al-Shamil, alikipanga kiwe na juzuu 300. Mauti yalimkuta amekamilisha 80. Kwa watu wa kawaida na wanafunzi alijulikana zaidi kwa al-Mujaz, muhtasari wa kitabu cha al-Qanun cha Ibn Sina, ambao ulisomwa na kuandikiwa sherehe kwa karne nyingi. Lakini kazi ninayotaka kuizungumzia leo ni nyingine, aliyokuwa ameshaiandika kufikia mwaka 1242, kabla hajatimiza miaka 30. Ni sherehe yake ya sehemu za al-Qanun zinazohusu maumbile ya viungo vya mwili.

Kosa lililodumu miaka elfu

Ili tuone uzito wa alichokifanya, lazima kwanza tujue watu walikuwa wanaamini nini.

Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, kisha sehemu yake huenda kwenye chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo, alisema, damu hupenya kwenye vitundu vidogo visivyoonekana vilivyomo katika ukuta wa katikati ya moyo, ikaingia chumba cha kushoto, ambako hukutana na hewa iliyotoka mapafuni. Hakuna aliyewahi kuviona vitundu hivyo. Lakini kwa kuwa Galen amesema, vikawa vipo.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapokea mafundisho hayo katika al-Qanun. Juu ya hayo alimfuata Aristotle katika kuuhesabia moyo vyumba vitatu. Na al-Qanun hakikuwa kitabu cha mchezo. Kilikuwa msingi wa tiba kuanzia Bukhara hadi Andalusia, na baadaye kikafundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa lugha ya Kilatini. Kijana mwenye umri wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili leo anapokaa kukiandikia sherehe kitabu kama hicho, jambo jepesi kwake ni kueleza maneno magumu na kusifu.

Alichokisema

Ibn al-Nafis alimheshimu Ibn Sina. Alitumia miaka ya maisha yake kukieleza kitabu chake, na mtu hafanyi hivyo kwa kitabu anachokidharau. Lakini alipofika kwenye moyo, alisimama.

Alisema moyo una vyumba viwili tu vikubwa, cha kulia na cha kushoto. Alisema ukuta uliopo kati yao ni mnene na umeshikamana, hauna njia inayoonekana, na wala hauna ile njia isiyoonekana aliyoidhani Galen. Basi damu ya upande wa kulia inafikaje kushoto? Alijibu kwamba haina budi kupita mapafuni. Inatoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa wenye ukuta mnene, inaenea ndani ya mapafu, inachanganyika na hewa, kisha inarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto. Na kwa kuwa damu inatoka mshipa mmoja na kuingia mwingine ndani ya mapafu, alisema lazima pawe na vipenyo vidogo vinavyoiunganisha mishipa hiyo miwili. Vipenyo hivyo ndivyo tunavyoviita leo kapilari. Mwitalia Marcello Malpighi ndiye aliyeviona kwa hadubini, mwaka 1661.

Akaongeza jambo la tatu. Ibn Sina alidhani misuli ya moyo hupata chakula chake kutokana na damu iliyomo ndani ya chumba cha kulia. Ibn al-Nafis alikataa, akasema moyo hulishwa na mishipa iliyoenea katika nyama yake wenyewe. Hiyo ndiyo mishipa ya korona, ambayo ikiziba, mtu hupatwa na shambulio la moyo.

Hapa naomba tuwe waadilifu. Katika makundi yetu ya simu huzunguka ujumbe usemao kwamba Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu na kwamba Mwingereza William Harvey alimwibia. Hayo si kweli. Ibn al-Nafis alieleza njia ya damu kati ya moyo na mapafu. Hakueleza mzunguko wa mwili mzima, aliendelea kuamini kwamba damu hutengenezwa katika ini, na alichodhani kinatokea mapafuni ni kuzaliwa kwa roho ya uhai, kama walivyosema matabibu wote wa zama zake. Harvey ndiye aliyethibitisha mwaka 1628, kwa vipimo na majaribio, kwamba damu yote huzunguka mwilini na kurudi. Mtu aliyekataa kumpa Galen vitundu ambavyo havipo hawezi kupendezwa na sisi kumpa yeye ugunduzi ambao hakuufanya.

Kisu alichokiweka chini

Lipo jambo katika utangulizi wa sherehe ile ambalo wengi hulipita haraka. Ibn al-Nafis anaeleza kwamba kilichomzuia kupasua miili ni sheria pamoja na huruma iliyomo katika maumbile yake, na kwa hiyo kuhusu sura za viungo vya ndani atategemea maneno ya waliotangulia walioshughulika na kazi hiyo. Watafiti wa leo wanabishana: je, mtu ambaye hakuwahi kupasua angewezaje kuwa na uhakika kiasi kile kuhusu ukuta wa moyo? Wengine wanaona alipata kuona kwa macho yake, wengine wanaona alifikia hitimisho lake kwa hoja peke yake.

Mimi sina sauti katika mjadala huo. Kinachonigusa ni kwamba aliiweka huruma kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu cha sayansi, akaitaja kama mpaka wa kazi yake, kisha akafanya kazi kubwa ndani ya mpaka huo. Alikuwa faqihi. Alijua kwamba kuondoa madhara ni msingi mmojawapo wa sheria yetu, na kwamba mwili wa binadamu una heshima yake, awe hai au amekufa.

Siku za mwisho

Mwaka 1284 Sultani al-Mansur Qalawun alijenga hospitali kubwa katikati ya Cairo. Inasimuliwa kwamba kabla hajawa sultani aliwahi kuugua Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nuri, ileile aliyosomea Ibn al-Nafis, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa utawala atajenga mfano wake. Ilitibu matajiri na masikini, wanaume na wanawake, kwa gharama ya wakfu.

Ibn al-Nafis alikuwa mzee wakati huo. Mwaka 1288, sawa na mwaka 687 wa Hijria, aliugua kwa siku chache. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa, kwa kuwa uliaminiwa kufaa kwa ugonjwa wake. Alikataa. Alisema hataki kukutana na Mola wake hali ya kuwa ndani ya mwili wake mna kitu hicho. Akafariki mwezi wa Dhul-Qaada, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nyumba yake pamoja na maktaba yake yote aliiachia hospitali ile kuwa wakfu. Mwalimu aliacha nyumba Damascus, mwanafunzi akaacha nyumba na vitabu Cairo.

Kusahauliwa na kupatikana

Al-Mujaz kiliendelea kusomwa, lakini ile sherehe yenye jambo kubwa ilibaki katika nakala chache zilizotawanyika maktabani. Ulaya, Michael Servetus alieleza njia ya damu kupitia mapafu mwaka 1553, na Realdo Colombo akaieleza mwaka 1559. Kama fikra za Ibn al-Nafis ziliwafikia au hazikuwafikia, wanahistoria hawajakubaliana.

Mwaka 1924 daktari kijana kutoka Misri, Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Freiburg nchini Ujerumani, alikutana na nakala ya mkono ya sherehe hiyo katika maktaba ya Berlin. Aliisoma, akaelewa anachokiona, akaandika juu yake tasnifu yake ya udaktari. Baadaye Max Meyerhof, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Cairo, alizichunguza nakala hizo na kuitangazia dunia habari hiyo.

Ndugu zangu, tazameni: kitabu kilikuwa katika maktaba, kina namba yake ya rafu, na lugha yake ni Kiarabu tunachokisoma kila siku katika swala. Kilichokosekana ni mwanafunzi wa kukifungua. Al-Tatawi alikuwa mwanafunzi kama wewe na mimi, mwenye tasnifu ya kumaliza.

Njia ileile kwenye skrini

Sasa nije katika somo langu. Mashine ya MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio, ambayo hutikisa viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, kisha hupokea ishara vinaporudi katika hali yake. Moyo ni kiungo kigumu kupigwa picha kwa sababu hautulii. Kwa hiyo tunabandika nyaya kifuani ili mashine ifuate mapigo yake, na mara nyingi tunamwomba mgonjwa abane pumzi kwa sekunde chache.

Kuna mambo ambayo picha ya kawaida haiyatofautishi vizuri. Misuli iliyo hai na kovu lililoachwa na shambulio la moyo vinaweza kuonekana sawa. Ndipo hutumika dawa ya kontrasti yenye madini ya gadolini, inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Gadolini huyafanya maji yaliyo karibu nayo kurudi haraka katika hali yake, hivyo mahali ilipo hung'aa.

Tazama sasa kinachotokea. Dawa ikidungwa, picha zinapigwa mfululizo. Kwanza kinang'aa chumba cha kulia, na cha kushoto bado ni cheusi. Ukuta wa kati umesimama baina yao na haupitishi kitu. Kisha mapafu yanang'aa. Sekunde chache baadaye ndipo chumba cha kushoto kinapopata mwanga, halafu mshipa mkuu wa aota, na mwisho nyama ya moyo yenyewe, ikilishwa na mishipa yake ya korona. Sehemu inayochelewa kung'aa ni sehemu ambayo damu inaifikia kwa shida. Mambo yote matatu aliyoyasema kijana yule mwaka 1242 yanapita mbele ya macho yetu kwa muda mfupi kuliko wa kusoma Suratul-Fatiha kwa utulivu.

Tukisubiri dakika 10 hadi 20, tunapata picha nyingine. Mashine hupangwa ili misuli yenye afya iwe nyeusi, na kovu, ambalo dawa hukaa ndani yake, ling'ae. Kwa picha hiyo daktari hujua ni sehemu gani ya moyo imekufa na ni ipi bado inaweza kunufaika mshipa ukizibuliwa.

Ipo pia njia ya kupima kiasi cha damu inayopita katika mshipa bila kudunga dawa yoyote. Tunapima damu inayokwenda mapafuni na damu inayokwenda mwilini. Kwa mtu mzima wa afya viwango hivyo viwili hulingana, kwa sababu ni damu ileile inayopita huku kisha kule. Mtoto aliyezaliwa na tundu katika ukuta wa moyo mara nyingi hupeleka damu nyingi zaidi mapafuni, na inapofika mara 1.5 au zaidi ya ile ya mwilini, madaktari hufikiria kuliziba tundu hilo. Vitundu vya Galen, vinapokuwepo kweli, ni ugonjwa, na leo tunavipima.

Huruma kama sehemu ya kazi

Je, tumemaliza? Hapana. Kuona bila kisu hakumaanishi kuona bila hatari, na hapa ndipo Ibn al-Nafis ananifundisha zaidi.

Gadolini ikiwa peke yake ni sumu. Ili itumike hufungwa ndani ya molekuli nyingine mpaka figo ziitoe mwilini. Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa salama karibu kwa kila mtu. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya walionyesha uhusiano kati ya dawa hizi na ugonjwa mbaya uliowapata watu wenye figo zilizodhoofika sana: ngozi inakakamaa, viungo vinashindwa kukunjika, na wengine hupoteza maisha. Dhana iliyokubaliwa na wengi ikapinduliwa kwa watu kuangalia vizuri wagonjwa wao, kama ilivyokuwa kwa vitundu vya Galen.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika. Hali ya figo huulizwa, na inapohitajika hupimwa kabla. Kipimo cha dawa huwa kidogo kadiri inavyotosha. Hupendelewa dawa ambazo molekuli yake huizunguka gadolini pande zote kama kizimba, kuliko zile za mnyororo ulio wazi, ambazo nyingi zilisimamishwa au kuwekewa mipaka Ulaya mwaka 2017. Mama mjamzito hapewi ila pakiwa na haja kubwa. Ugonjwa ule sasa umekuwa nadra sana. Na watafiti wanaendelea kukuza njia za kutambua kovu na uvimbe wa moyo kwa kupima ishara za misuli yenyewe, pasipo dawa.

Sumaku nayo ina amana yake. Mashine ya tesla 1.5 ina nguvu karibu mara 30,000 ya usumaku wa dunia, na haizimwi mgonjwa anapotoka. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa chumbani huruka kama kombora. Vifaa vingi vya zamani vya kuongoza mapigo ya moyo, na klipu za chuma zilizowekwa kichwani kwenye upasuaji, vinaweza kumdhuru aliyenavyo. Ndiyo maana tunamwuliza mgonjwa maswali mengi, na tunayarudia.

Dada zetu wa Kiislamu wajue kwamba pini za hijabu lazima zitolewe, zote. Na sisi wapigaji picha tujue kwamba kumwambia dada avue pini bila kumpa mtandio usio na chuma wa kujisitiri ni kumwongezea mgonjwa mzigo mwingine juu ya ugonjwa. Mkielezana mapema, yeye hujisitiri, na wewe hupata picha salama. Hayo pia ni tiba.

Deni letu

Nikiyakusanya maisha haya, naona mambo matatu ambayo mwanafunzi Mwislamu anaweza kuyachukua.

La kwanza, kumheshimu mwalimu si kulifunika kosa lake. Ibn al-Nafis alimtumikia Ibn Sina kwa kukieleza kitabu chake na kwa kukirekebisha, na vyote viwili ni heshima.

La pili, kutosema tusilolijua. Alikataa vitundu visivyoonekana kwa sababu hapakuwa na dalili. Nasi tukatae majibu ya maabara yaliyopikwa, tasnifu zilizonunuliwa, na majigambo ya kihistoria yasiyo na msingi hata kama yanatupendeza masikio.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ucha Mungu ndani ya kazi. Mtu aliyekataa tone la mvinyo akiwa kitandani mwa mauti ni yuleyule aliyekataa kuongeza jambo ambalo maumbile hayakulionyesha. Uangalifu wake ulikuwa mmoja. Anayeswali swala tano kisha akaruka swali moja kwenye fomu ya usalama ya mgonjwa, kwa sababu foleni ni ndefu, amegawanya kitu ambacho Ibn al-Nafis hakukigawanya.

Basi tusome. Tusome Kiarabu mpaka tuweze kufungua vitabu vilivyolala, na tusome fizikia, kemia na anatomia mpaka tuweze kuongeza vingine. Na anayepewa dhamana ya mwili wa mtu mwingine, awe daktari, muuguzi, mfamasia au mpiga picha, amwogope Mwenyezi Mungu kwa mwili huo.

Ewe Mola wetu, mrehemu Ibn al-Nafis na walimu wake, waponye wagonjwa wetu, utuzidishie elimu yenye manufaa, na uijaalie mikono yetu isiwe sababu ya madhara kwa waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.